Tovuti ya miche ya parachichi kufunguka nyeupe

Dada wa Njombe, pole. Unasema tovuti yako inafunguka nyeupe tupu tangu usasishe WordPress, mfumo unaoiendesha, na fundi anataka umlipe aijenge upya. Usimpe hata senti kwanza. Mara nyingi ni programu-jalizi (plugin, kiongezo cha WordPress) moja iliyogombana na toleo jipya. Orodha ya miche na bei zako zimo kwenye hifadhidata, hazijaguswa.

Ingia cPanel, ukurasa wa kusimamia tovuti kwenye kampuni inayoihifadhi, fungua File Manager, kisha public_html, halafu wp-content. Folda ya plugins ibadilishe jina, iwe plugins-zamani. Tovuti ikifunguka, mchawi yumo humo. Sasa ingia dashibodi ya WordPress, fungua ukurasa wa Plugins, WordPress itazizima zote yenyewe. Hapo ndipo urudishe jina la folda, uziwashe moja moja. Ile itakayoiangusha tovuti, ifute. (Watu hurudisha jina kabla ya kufungua ukurasa huo, wanabaki palepale.)

Ikigoma, tafuta faili la error_log, linaloandika makosa ya tovuti. Mistari ya mwisho huitaja folda yenye kosa.

Na zile picha za kitalu za MB 6 zipunguze ukubwa. Mteja wa Ludewa mwenye bando la mia tano hatakusubiri.