Uliza Ujibiwe: Kijana Aliyerudi Kumdai Mlezi Wake

SWALI: Ndugu Mhariri, hivi karibuni nilitazama filamu ya katuni ya Batman ambamo mtu aliyevaa kofia ngumu nyekundu inayofunika uso mzima anawaita wakubwa wa biashara ya dawa za kulevya na kuwatupia mezani mfuko uliojaa vichwa vya wasaidizi wao. Baadaye inabainika kwamba mtu huyo ni Robin, yule kijana aliyekuwa akiandamana na Batman, na kwamba alikwisha kufa. Kaka yangu anasema huyo ni mhalifu kama wahalifu wengine. Mimi nimeshindwa kumchukia. Je, ni mwema au ni mwovu, na kwa nini hadithi yake inaniuma kuliko ya Batman mwenyewe?

JIBU: Ndugu msomaji, nianze kwa kurekebisha jambo moja dogo, kwa kuwa bila hilo mzozo wako na kaka yako hautakwisha. Robin si mtu mmoja, bali ni jina la kazi linalorithiwa. Robin wa kwanza, Dick Grayson, aliingia katika majarida ya katuni mwaka 1940, akakua, akajitegemea na kuchukua jina la Nightwing. Huyu wa filamu yako ni wa pili, Jason Todd, aliyebuniwa na mwandishi Gerry Conway na mchoraji Don Newton mwaka 1983. Mwanzoni alikuwa nakala tupu ya mtangulizi wake: mtoto wa sarakasi ambaye wazazi wake wameuawa, akachukuliwa na tajiri Bruce Wayne, ambaye usiku ndiye Batman. Ilipofika mwaka 1987, kampuni ya DC, inayochapisha majarida hayo, ikiwa imeamua kuandika upya historia za wahusika wake wengi, mwandishi Max Allan Collins alimpa Jason maisha mengine kabisa, na mbegu ya hadithi inayokuuma ilipandwa hapo.

Tukio lenyewe ni fupi. Batman anarudi kwenye gari lake, alilokuwa ameliegesha katika mtaa ule ule ambako wazazi wake waliuawa, na kukuta matairi yameng'olewa. Kijana wa mitaani aliyeyaiba anarudi kufuata lililobaki, na anapofumaniwa haombi msamaha: anampiga Batman kwa chuma alichokuwa akifungulia magurudumu, kisha ndipo anatimua mbio. Likumbuke pigo hilo. Dick alifika kwa Batman akitokea katika familia iliyompenda. Jason alifika akitokea njaani, na tangu siku ya kwanza aliuona ulimwengu kama mahali ambapo asiyejipigania hana wa kumpigania.

Kaka yako ana hoja, lakini anaianzia mwishoni mwa hadithi. Watu wengi hudhani kwamba kifo ndicho kilichomtia Jason doa. Sivyo. Mwaka 1988, akiwa bado amevaa mavazi ya Robin, alikutana na kisa cha mtoto wa mwanadiplomasia aliyemdhulumu mwanamke na asiweze kushtakiwa kwa sababu ya kinga ya kidiplomasia. Mwanamke yule akajinyonga. Punde si punde mtuhumiwa akaanguka kutoka roshani ya ghorofani na kufa, Robin akiwa amesimama pale pale. Batman alipomuuliza kama alimsukuma, kijana alijibu kwamba labda alimshtua tu, akateleza. Mwandishi Jim Starlin hakutuonyesha kilichotokea. Baina ya picha ya mtu aliye hai na picha ya mtu anayeanguka pana pengo, na kila msomaji analijaza kwa kadiri ya moyo wake.

Basi, mtu anayerudi na mfuko wa vichwa si mgeni. Ni yule yule kijana wa roshani, ila safari hii hana haja ya kusema kwamba mtu aliteleza. Hata hivyo, tazama anachowaambia wale wakubwa wa dawa za kulevya. Hawaamuru waache biashara. Anawataka wampe asilimia 40 ya mapato yao, naye atawalinda dhidi ya mshindani wao na dhidi ya Batman. Sharti lake lingine ni kwamba asiwepo wa kuwauzia watoto, na atakayewauzia atakufa. Hiyo ndiyo rangi ya kijivu unayoiona, si nyeupe ya wema wala nyeusi ya uovu. Sharti la watoto limetoka katika utoto wake mwenyewe na haliwezi kudharauliwa, lakini fungu la asilimia 40 ni la mtu anayejichukulia sheria mkononi na papo hapo akachukua na ushuru. Wanaomtetea hupenda kulitaja sharti na kuusahau ushuru.

Kwa nini basi huwezi kumchukia? Nadhani ni kwa sababu ya chumba kile cha mwisho. Jason amemteka Joker, adui mkubwa wa Batman na ndiye aliyemuua Jason, na amemwita Batman aje. Hasemi kwamba Batman alipaswa kuwaua wahalifu wote. Anataja wengine na kuwaweka kando. Wala hamlaumu kwa kushindwa kumwokoa, kwa maana hilo amekwisha kumsamehe. Anachouliza ni kitu kimoja: kwa nini huyu mmoja bado yuko hai? Anasema kwamba kama aliyeuawa angekuwa Batman, yeye angemtafuta muuaji huyo na kumwondoa duniani. Mwana anamdai mlezi wake ushahidi wa upendo, na ushahidi pekee anaoukubali ni maiti.

Batman anajibu kwamba kuua hakumshindi, tena kungekuwa rahisi mno, na kwamba hakuna siku anayopitisha bila kuwaza kumtesa Joker; lakini akiingia mahali hapo mara moja, hatarudi tena. Ni jibu la mtu mkweli, na mimi nalikubali kama kanuni. Lakini lisikilize kwa masikio ya kijana: ameuliza juu ya thamani yake yeye, akajibiwa juu ya usalama wa roho ya mlezi wake. Hapo ndipo mahali panapouma, na filamu, iliyotoka mwaka 2010 na kuandikwa na Judd Winick, inapatonesha zaidi kwa kufunga na kumbukumbu ya mtoto aliyevaa mavazi mapya ya Robin, akisema kwamba hiyo ndiyo siku bora kuliko zote maishani mwake.

Kwa hiyo, mwambie kaka yako kwamba Jason ni mhalifu. Kisha mwulize angemjibu nini katika chumba kile.

SWALI: Ndugu Mhariri, rafiki yangu ananiambia kwamba Jason Todd aliuawa na wasomaji kwa kupiga simu. Nilidhani ananitania. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na tarakimu zake zimehifadhiwa. Mwaka 1988, katika hadithi iliyoandikwa na Starlin na kuchorwa na Jim Aparo, Jason anakwenda kumtafuta mama yake mzazi na kumpata Ethiopia, akifanya kazi na shirika la misaada. (Ethiopia ya hadithi hiyo ni bohari, vumbi na masanduku ya misaada, na sidhani kama mwandishi alijali kuweka zaidi ya hapo.) Mama huyo, aliyekuwa akiiba fedha za misaada na kushikiliwa na Joker kwa siri zake, anamkabidhi mwanawe kwa muuaji. Joker anampiga kijana kwa mtaimbo. Yule aliyeingia katika hadithi akimpiga Batman kwa chuma anatolewa katika hadithi kwa chuma. Kisha bomu linalipuka.

Toleo la 427 la jarida la Batman liliishia hapo, likiwa na namba mbili za simu: moja ya kumtaka Robin aishi, nyingine ya kumtaka afe. Kila simu iligharimu senti 50 za Marekani. Kura 5,343 zilitaka afe na 5,271 zilitaka aishi, maana yake kijana alikufa kwa tofauti ya kura 72 kati ya kura 10,614. Mhariri Dennis O'Neil alikuja kusimulia kwamba alisikia fununu za mtu mmoja aliyeitegeshea kompyuta yake ipige namba ya kifo mara kwa mara kwa saa nyingi. Ni fununu, na niiache hapo. Aparo alikuwa amechora miisho yote miwili, na ule ambao Robin anaishi ulikaa kabatini miaka mingi kabla DC haijauchapisha kama toleo kamili mwaka 2023.

Ukilijua hilo, mfuko wa vichwa unakuwa na maana nyingine. Jason aliporudi mwaka 2005, miongoni mwa waliokuwa wakimsoma walikuwamo waliolipa senti 50 ili afe. Swali lake kwa Batman, la kwa nini aliachwa bila kulipiziwa, lilikuwa linapita juu ya bega la Batman na kuwafikia wao. Sijui wahusika wengine wengi wa kubuniwa wenye haki ya kuwadai wasomaji wao waziwazi namna hiyo.

SWALI: Alifufukaje? Kila ninayemwuliza ananipa jibu tofauti.

JIBU: Kwa sababu majibu ni mawili. Katika majarida, mhusika mwingine mwenye nguvu kupindukia aligonga kuta za uhalisia wenyewe, na mtikisiko wake ukamrudishia Jason uhai akiwa ndani ya jeneza. Alijifukua kwa mikono, akaokotwa akiwa hajitambui, na akili yake ikarejeshwa baadaye kwa kutumbukizwa katika Dimbwi la Lazaro, linaloponya mwili na kuvuruga akili. Filamu ililitupa pigo hilo la kuta za uhalisia na kubakiza dimbwi peke yake, ikafanya vyema.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika hadithi ya katuni. Msaidizi wa shujaa aliachwa afe katika jengo linaloungua, na baada ya miaka saba anarudi akiwa amejifunika uso na kuwaua wauza dawa za kulevya. Wa kwanza anauawa katika ukurasa wa pili. Rafiki aliyenisomea mswada ameniambia kwamba mhusika wangu ni muuaji tu mwenye maneno mengi. Nimekosea wapi?

JIBU: Nimesoma kurasa ulizoambatanisha, na rafiki yako amekutendea wema.

Kabla ya kuzigusa, fikiria warejeaji wawili wa mwaka 2005. Mwaka huo huo aliporudi Jason, kampuni ya Marvel ilimrudisha Bucky, msaidizi wa Captain America, aliyebuniwa mwaka 1941 na kutangazwa kuwa marehemu mwaka 1964. Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Steve Epting walimleta akiwa muuaji wa serikali, aliyefutwa kumbukumbu na kutumiwa kama chombo. Ni hadithi nzuri sana, lakini lawama ya Bucky ina mahali pa kukimbilia: si yeye aliyechagua. Anaporudishiwa kumbukumbu zake, anabaki na majuto. Jason hana mlango huo. Kila risasi ameichagua akiwa na akili zake, na kwa kiasi fulani hata wanaosema kwamba dimbwi lilimvuruga wanamnyang'anya heshima yake.

Wewe umetaka vyote viwili. Katika ukurasa wa tano mhusika wako anasema kwamba moshi ulimharibu akili, na katika ukurasa wa tisa anatoa hotuba ya kurasa mbili kuhusu haki. Chagua moja. Ukichagua njia ya Jason, uufute moshi.

Kisha, hotuba yenyewe. Jason anaweza kuzungumza kwa kirefu katika chumba cha mwisho kwa sababu ana swali ambalo mtu mmoja tu duniani anaweza kulijibu, na mtu huyo amesimama mbele yake. Mhusika wako anahutubia umati juu ya ghorofa. Umati haukumwacha ndani ya moto. Aliyemwacha ni shujaa wake, ambaye wewe umemleta ukurasa wa mwisho tu, tena akiwa kimya. Mlete mapema, umpe jibu zuri kadiri uwezavyo, jibu ambalo wewe mwenyewe ungeliamini kama hungekuwa upande wa kijana. Shujaa mjinga atamgeuza kijana wako kuwa mwema bila jasho, na rangi ya kijivu itakutoka mikononi.

Zaidi ya hayo, mpe kijana sharti lenye gharama. Kwa sasa anaua wabaya na hapotezi chochote. Jason alichukua fungu lake la biashara ile ile aliyodai kuwalinda watoto dhidi yake, na mwishowe alipompa mlezi wake bastola na kumtaka achague baina yake na Joker, alikuwa ameweka uhai wake mwenyewe rehani. Katika jarida, silaha ya Batman ya umbo la popo ilimkata shingo. Katika filamu iliziba mtutu wa bastola, nayo ikalipuka mkononi mwa kijana. Kwa vyovyote vile, aliyejeruhiwa na mkono wa Batman ni mwana, na Joker akabaki anacheka. Tafuta jeraha la aina hiyo kwa mhusika wako.

Na yule muuzaji anayeuawa katika ukurasa wa pili, ambaye umemchora kwa mgongo tu: mgeuze tuuone uso wake, na umpe jina.