Ukienda EASA, nenda na kazi ya mikono

Wadogo zangu mnaosoma usanifu majengo Ulaya mmeniuliza kama EASA, mkutano wa kiangazi wa wanafunzi wa fani yetu, unastahili nauli. Unastahili kabisa. Ila msiende mkidhani ni kongamano la kukaa na kusikiliza wakubwa. Mihadhara ipo, lakini mchana mwingi utakuwa kwenye warsha, yaani kundi dogo la kujenga kitu pamoja, umeshika msumeno.

Mkutano huu ulianza Liverpool mwaka 1981, na wanafunzi wenyewe ndio huuandaa, kila mara katika mji mwingine, kwa takriban wiki mbili. Mimi nilikwenda ule wa 2016 huko Nida, Lithuania, nikitokea Ujerumani. Nida iko juu ya ukanda mwembamba wa mchanga: upande huu Bahari ya Baltiki, upande ule maji yaliyotulia ambayo mchanga huohuo umeyakinga. Zamani matuta yalihama kwa upepo yakafukia vijiji vizima, mpaka watu wakapanda misonobari kuyazuia. Mahali kama hapo mchoro uliokuja nao kwenye kompyuta hausaidii kitu. Unauliza kwanza upepo unatoka wapi.

Nafasi hugawanywa kwa nchi, na kila nchi ina wanafunzi wanaoiwakilisha. Anayesoma Poland aombe kwa wawakilishi wa Poland, hata kama pasipoti yake ni ya Kenya. Katika barua ya maombi, alama zako za darasani haziwasaidii sana. Waambie unachoweza kufanya: kupikia watu wengi, kushona turubai, kupiga picha. Mimi niliandika kwamba najua kufunga fito na boriti kwa kamba ya makumbi, kama nilivyofundishwa na mjomba Pangani. Sikutegemea kwamba itakuwa na uzito. Lakini kundi letu lilikuwa na miti mirefu na skrubu chache, na jioni moja nilijikuta nimezungukwa na Mfini, Mgiriki na Waairishi wawili wakijifunza fundo lile. Nilifurahi mno, na mpaka leo nasema fundi wa makuti ni mwalimu wa usanifu sawa na profesa.

Unapochagua warsha, usivutwe na jina tamu. Tafuta ile ambayo wakufunzi wameeleza vifaa watakavyotumia na vitatoka wapi. Pasipo mbao, siku huishia kwenye maneno.

Beba mfuko wa kulalia, viatu vilivyofunika vidole na glavu zako. Usiku wa mataifa kila nchi huleta vyakula na vinywaji vyake, na pombe ni nyingi. Kama hunywi, usijifungie chumbani. Peleka kashata na chai ya tangawizi, meza yako itajaa watu.

Na ukisharudi, fikiria kuongoza warsha yako mwenyewe. Wakufunzi wengi ni wanafunzi au wahitimu wapya, si watu wa ajabu. Wito wa mapendekezo ukitoka, tuma wazo lililo wazi, mchoro mmoja mzuri, na orodha ya vifaa pamoja na bei zake.