Barabara ya Goma–Sake: kwa nini dereva hakusimama?

Swali: Babu, nilitoka Bukavu kwa basi kupitia Minova. Tulipoipita Sake, mtoto wangu akataka kujisaidia. Kulikuwa na kibonde chenye majani mabichi, lakini dereva alikataa katakata: "Hapo kuna mazuku." Barabara ile ina nini? *Mama wa Kadutu, Bukavu*

Jibu: Mama yangu, huyo dereva mshukuru sana. Sake mpaka Goma ni kilomita 25 hivi tu, kipande cha Barabara ya Taifa namba 2, lakini chote kimelala juu ya lava. Pale Sake njia zinaachana: moja inapanda Masisi, nyingine ndiyo uliyokuja nayo ya Minova, na hii inapita Mubambiro na Mugunga hadi mjini. Ujanani nilisukuma chukudu hapo, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, nimebeba makala na kabichi. Mawe yake nayajua kwa nyayo.

Lava hiyo haikushuka siku moja. Mwisho wa 1912 volkano ya Rumoka ilipasuka karibu kabisa na Ziwa Kivu. Mwaka 1938 ikawa zamu ya volkano ya Nyamulagira: ilimwaga hadi 1940, moto ukaingia ziwani karibu na Sake. Ukipita tena tazama mawe: mengine yameota ukoga wa kijivu, laini kama majivu, na majani yanachomoza kwenye nyufa.

Katika nyufa kama hizo ndimo mazuku hutoka. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi, haina rangi, na ni nzito kuliko hewa tunayovuta, basi hutuama vibondeni kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, ndipo huwa mbaya zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto aliyechuchumaa ubavuni mwake akazimia.

Nilikuwa na miaka kama 15 nilipoona mbuzi watatu wamelala kibondeni upande wa Bulengo, macho wazi, bila jeraha hata moja. Mwenzangu akataka kushuka awavute. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu akamkamata shati. Akawasha kishada cha majani makavu, akakifunga kwenye ufito mrefu, akakiteremsha taratibu. Moto ulizimika kabla haujafika kwenye migongo ya wale mbuzi. Moshi ukabaki umetandaa pale chini, haupandi. Mpaka leo nikipita hapo nauona ule moshi.

Siku nyingine, mama, mtoto ajisaidie palepale juu, pembeni ya lami, hata kama abiria wote wanaangalia.