Muda unatosha, sitara ndiyo ngumu

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza: mwandishi agawe vipi muda wake ili kalamu isile haki ya familia na haki ya Mungu? Nimelisoma kwenye daladala nikitoka kazini Kariakoo, na mpaka tunafika Tandika nilikuwa nimeshalijibu mara kadhaa kichwani, kila mara kwa hasira zaidi. Mniwie radhi, nitalijibu kwa ubavuni.

Muda sioni kama ndio mtihani. Swala tano zimeshaikata siku, na mwenye kuswali anajua ni kipande kipi kina nafasi. Mimi naandika baada ya alfajiri, kabla watoto hawajaamka kudai chai na nauli. Mtoto akiwa na homa siandiki, na sijaona kitabu kilichokufa kwa sababu mwandishi wake alikesha na mgonjwa. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni na mtu mwenye familia, na aliandika vile tunavyojua. Habari ya saa naiishia hapo.

Linaloninyima usingizi ni lile mlilolipita pembeni. Ninachoandika nakitoa wapi? Nakitoa sebuleni, jikoni, msibani, kwenye kikao cha usuluhishi nilichoitiwa kupika chai tu. Na dini hii hii niliyoishika inasema mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Tumeikariri hadithi hiyo tangu madrasa. Sasa mtunzi, ambaye kazi yake ni kufunua, afanyeje? Ukimbadilisha mtu jina na kumhamisha kutoka Temeke kwenda Ilala, umeshamsitiri? Ndugu wanatambuana hata kwa kikohozi.

Msimamo wangu kwa miaka mingi ulikuwa kwamba ya nyumbani yabaki nyumbani. Kuyaandika daftarini nilijiruhusu, kuyachapa hapana. Na nilijiona nina wakubwa nyuma yangu. Mwana Kupona binti Mshamu, mshairi mzaliwa wa Pate, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje na wino na karatasi, akamuusia dini, adabu na ndoa. Mumewe marehemu, Bwana Mataka wa Siu, anamtaja kwa wema. Shaaban Robert naye alimtungia binti yake wosia, Utenzi wa Hati, na mkewe Amina alipofariki akamlilia kwa shairi. Wote wawili waliweka familia na dini kwenye karatasi moja bila ugomvi. Lakini tazama walichoweka: wosia, sifa, majonzi. Aibu ya mtu haimo.

Halafu mama mkwe wangu akaja kutoka Pangani kutibiwa mtoto wa jicho. Tulimpokea stendi ya Magufuli, Mbezi, jicho moja limeshafunga ukungu na la pili linafuata, mkononi ana kikapu na tasbihi. Ilikuwa Ramadhani. Alitarajia apasuliwe arudi kwake kabla ya Idi, tarehe ikasogezwa, akabaki nasi mpaka kumi la mwisho.

Kumi la mwisho kwetu watu hawalali sana. Tukirudi tarawehe, mwenye kusoma Kurani anasoma, na mimi nikishaswali nafungua daftari. Mama amesoma chuo cha Kurani tangu utotoni. Anasoma Kurani na anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wanawake wengi wa rika lake kule pwani. Hizi herufi zetu za shule hakuzizoea. Miezi ile hata msahafu hakuweza kuuona, alikuwa anasoma kwa aliyohifadhi. Usiku mmoja luku imeisha, tumewasha taa ya kuchaji, akaniambia, "Mwanangu, kila usiku nakusikia unakwaruza karatasi. Nisomee basi."

Nilikuwa naandika hadithi ya mwanamke wa pwani anayepewa talaka na mume aliyemzalia watoto, akatoka na sufuria moja na mkeka. Yaani yeye mwenyewe. Niliyapata kwa mume wangu, vipande vipande, miaka ya mwanzo ya ndoa yetu. Kijiji nilikuwa nimekihamishia Kilwa, watoto nimewapunguza, na baba fundi majahazi nimemfanya mvuvi.

Nikasoma. Kufika kwenye talaka nikaruka ukurasa, nikaunga na asubuhi yake. Vidole vyake vikasimama kwenye tasbihi.

"Hapo umeruka."

Nikasema karatasi zimeshikana.

"Zibandue."

Nikasoma yote. Katika hadithi yangu mume anamwacha mke usiku, mvua inanyesha, mke anaangua kilio mpaka majirani wanatoka na taa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavuta kanga ikafunika magoti, akasema: "Haikuwa usiku. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali. Na sikulia. Nilikuwa nasuka ukili, nikaumalizia, nikauviringa, ndipo nikanyanyuka. Ule mkeka ulishalipiwa, mwenyewe ana kosa gani?"

Nilidhani amemaliza. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi kwenye mchuzi, kwa nini mwanamume yule nimemfanya shetani. "Baba yao alikuwa na hasira, sikatai. Lakini kila Ijumaa alileta unga na samaki mpaka mlangoni kwa kaka yangu. Haingii, haongei. Anaweka, anaondoka. Mpaka watoto wakaweza kujitegemea. Mbona huo unga hukuuandika?"

Sikuuandika kwa sababu hakuna aliyewahi kunihadithia. Mume wangu alikuwa mdogo; anachokikumbuka ni sufuria na mkeka. Nikamuuliza Mama, je, siku moja nikiitoa ikasomwa na watu? Alifikiri kitambo. Alisema waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo hawamjui. Yeye yuko radhi. Ila baba yao yuko kaburini, hawezi kujitetea, kwa hiyo nikiandika hasira yake niandike na unga wake. Na nimuulize mwanawe kwanza. Wapiga daku walipopita na madebe yao bado tulikuwa tunaongea: rangi za ule ukili, eda aliyokaa kwa kaka yake, nani alikuja kumpa pole na nani alijificha. Wali wa daku tuliula wa baridi.

Mume wangu nilimuuliza baada ya Idi. Hakujibu siku ile. Baadaye akaniomba nimtoe mtoto wa pili, ambaye ni yeye, na nimemtoa.

Kwa hiyo, Mhariri, nimeishika kalamu nitetee kwamba ya nyumbani yabaki nyumbani, na naona siwezi tena kulisema hilo kwa ujumla. Nilipoficha nilimdhulumu mzee wa watu kuliko nilipofunua, maana niliyemficha jina nilimvika ushetani asiokuwa nao. Naamini sasa kwamba ya nyumbani yanaandikika, mradi mwenyewe asomewe kabla ya msomaji mwingine yeyote, na aliyekufa aandikwe na wema wake. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Wenye elimu wakiniambia vingine nitawasikiliza.

Watoto siwaingizi humo. Binti yangu yuko kidato cha pili, na anayoniambia nikimsuka nywele hayaendi daftarini hata akiniruhusu, kwa sababu hajui bado anaruhusu nini.

Na hilo sharti la kumsomea mwenyewe kwanza, nimeliandika hapo juu na tayari naliona linapovunjikia. Mwanamke anayepigwa ndani hawezi kwenda kumsomea anayempiga. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu hapendi ubaya utangazwe kwa maneno, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Mwandishi huyo akiamua kuandika, aandike bila kumuuliza mtu, na sharti langu halimhusu.

Msomaji wenu, Tandika, Dar es Salaam