Nzige: mkuu uliyeko Mkinga, rudisha hiyo dawa dukani

Mkuu, usifungue hiyo chupa! Unasema umeona klipu ya nzige wasapu, na mwenye duka la pembejeo amekushauri upulizie mahindi mapema, kabla hawajafika. Ndivyo nilivyoambiwa mimi hapa Korogwe masika ya 2020. Nzige wa jangwani walikuwa wameingia Kenya tangu Desemba 2019, na huku kila mtu alidhani zamu yetu ni kesho.

Nilipuliza shamba zima, mahindi yakiwa usawa wa kiuno, kunde za katikati zimeanza kutoa maua. Nzige hawakutua kwetu. Mvua ikaosha dawa yote. Nyuki wa mizinga ya jirani waliofuata yale maua ya kunde wakafa, na mzee yule hadi leo salamu zake kwangu ni za shingo upande. Kisha wakaingia viwavijeshi vamizi, wale wanaojificha ndani ya moyo wa mhindi. Hao ndio waliohitaji dawa, na hela yake nilishaimaliza kwa mdudu ambaye hakuja. Nilivuna mabua.

Yule muuzaji alijua! Dawa nyingi tunazouziwa jua na mvua huzimaliza ndani ya siku chache. Anayekuuzia leo kwa ajili ya nzige wa mwezi ujao anakula jasho lako, na huyu wangu alifanya hivyo huku akiniita shemeji.

Halafu hata wangekuja, bomba la mgongoni lingefanya nini? Kundi la kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 80, wakala kwa siku chakula cha watu 35,000, na upepo ukiwa upande wao wanakwenda hadi kilomita 150 kwa siku. Hiyo ni kazi ya ndege na vikosi vya serikali. Wanaowezekana ni tunutu, watoto wao wasio na mabawa: mayai hutagwa kwenye udongo wa kichanga wenye unyevu, huanguliwa baada ya wiki mbili hivi, na tunutu hutambaa mwezi mzima au zaidi kabla ya kuruka.

Kwa hiyo usipulizie mdudu ambaye hujamwona shambani mwako kwa macho yako. Ukimwona, kamata mmoja, mpige picha, mpigie afisa ugani siku hiyo hiyo. Hiyo chupa ikiwa bado ina lakiri, irudishe leo kabla duka halijafungwa.