Homa ya ini B Uganda: asilimia 52, 10 au 4?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma afya ya jamii na nimepewa kazi ya kuandika juu ya homa ya ini B nchini Uganda. Nimekuta takwimu tatu za maambukizi: asilimia 52, 10 na 4. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba. Chukua zote, ila kila moja iandikie mwaka na kipimo chake.

Mbili za kwanza zimetoka kwenye utafiti mmoja, ule wa kitaifa wa UKIMWI wa 2004–2005, ambao damu yake ilipimwa na homa ya ini B pia, kwa watu wa miaka 15 hadi 59. Asilimia 52 walikutwa na kingamwili iitwayo anti-HBc. Hii hailetwi na chanjo. Ukiwa nayo, kirusi kiliwahi kukupitia. Wengi wa hao walishapona, pengine bila kujua kwamba waliugua. Asilimia 10 ndio waliokuwa na HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi chenyewe, maana yake kirusi bado kimo mwilini. Ukiulizwa ugonjwa umeenea kiasi gani, jibu ni hiyo HBsAg.

Pengo kati ya 52 na 10 linatokana na umri wa kuambukizwa. Kichanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 hubaki na kirusi kwa muda mrefu. Kwa watu wazima, hawafiki hata 1 kati ya 20.

Ile 4 ni HBsAg ya watu wazima katika utafiti wa 2016–2017, wanaume wakiwazidi wanawake. Hapa wanafunzi huteleza, wakaandika kwamba chanjo imeshusha maambukizi kutoka 10 hadi 4. Hebu piga hesabu: watoto wa Uganda walianza kupewa chanjo hiyo 2002, kwa hiyo karibu watu wazima wote waliopimwa walizaliwa kabla yake. Tena chanjo haimwondolei kirusi aliye nacho tayari. Mimi ningetazama kwanza tofauti za vipimo na sampuli. Kazi ya chanjo itafute kwa watoto, ambao utafiti huohuo uliwakuta chini ya asilimia 1.

Usisahau mikoa. Mwaka 2005 kusini-magharibi ilikuwa na kama asilimia 4, Karamoja, kule kaskazini-mashariki, karibu robo ya watu.

Takwimu za benki ya damu ziweke kando: wachangiaji wengi ni wanafunzi wa sekondari, na aliyekutwa na kirusi haruhusiwi kuchangia tena, kwa hiyo haziwakilishi watu wote.