Tafadhli subiri: programu niliyoiandika mimi ikawa mali ya mwingine

Nilimsindikiza shemeji yangu Tororo kutoa hela zake kwenye SACCO. Mhudumu, binti mchangamfu, akageuza skrini kidogo ili shemeji ahakiki jina lake, nami nikachungulia kama achunguliavyo mtu aliyechoka kukaa kwenye benchi. Katikati ya skrini kulikuwa na kijiduara kinazunguka, na chini yake maneno: "Tafadhli subiri." Herufi moja imeliwa. Moyo ukanilipuka. Kosa lile ninalijua, nililifanya mwenyewe saa nane za usiku chumbani kwangu Kireka, siku umeme uliporudi baada ya kukatika mchana kutwa.

"Hii programu mmeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Tumeinunua Kampala, kaka. Nzuri, haisumbui."

Yaani nilisifiwa na kuibiwa kwa pumzi moja. Au ndivyo nilivyodhani siku ile.

Miaka mitatu nyuma kampuni moja ya Kampala, jina lake naliacha, ilinipa kazi ya kuandika programu ya SACCO ya wafanyabiashara wa Busia: akiba, mikopo, riba, ripoti ya mwisho wa mwezi. Tulikubaliana shilingi milioni 3. Nusu iliingia kwenye simu siku hiyohiyo, nusu nyingine ikaja vipandevipande kama deni la duka. Mkataba ulikuwa WhatsApp. Mimi nilieleza kazi kwa aya moja, mwenye kampuni akajibu "Sawa kaka, tuanze" na kuweka kidole gumba. Nikaanza. Kumbe baadaye ile programu ya Busia iliendelea kuuzwa, SACCO baada ya SACCO, hadi ikafika Tororo mbele ya macho yangu.

Niliporudi Kampala nilikwenda kwa wakili, dada niliyesoma naye sekondari, nikiwa na hasira na bahasha ya msimbo niliouchapisha kurasa arobaini. (Nasema msimbo, yaani maandishi yenyewe ya programu. Wenzangu wengi husema "kodi", lakini neno hilo mimi hunikumbusha URA, wale watoza ushuru.) Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu: "Mliandikiana nini?" Nikamwonyesha kidole gumba.

"Pole sana," akasema. "Walikuagiza, wakakulipa, na hamkuandikiana kinyume. Ni yao."

Hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia, kwa sababu nimegundua vijana wengi wanaoandika programu hapa Uganda hawajui jambo hili, nami nilikuwa mmoja wao. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta sawa na inavyolinda vitabu na muziki. Ulinzi unaanza kazi inapoandikwa, hauhitaji muhuri wa mtu. Hadi hapo ni habari njema. Lakini sheria hiyohiyo inasema kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, au uliyoagizwa na mtu kuifanya, hakimiliki yake ni ya mwajiri au ya aliyeagiza, isipokuwa kama mkataba wenu unasema vingine. Soma tena hapo kwenye kuagizwa. Huhitaji kuwa na mshahara wala kiti ofisini. Ukiagizwa tu, ukanyamaza, umeshatoa.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tumejifunza haya mambo kwa kusoma makala za Marekani mtandaoni. Huko, mtu anayejitegemea akiandika programu, kwa kawaida hakimiliki hubaki kwake mpaka aiachie kwa maandishi. Kwetu ukimya unamfaidi mteja. Mimi nilikuwa nimetembea miaka yote na sheria ya nchi nyingine kichwani.

Basi nikawa nimeshindwa, lakini dada wakili hakuwa amemaliza. Alikuwa anapekua zile kurasa arobaini, akanyanyua macho: "Na hii yote umeiandika wewe?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema, karibu yote. Halafu nikakaa kimya.

Ukweli ni huu. Sehemu inayotengeneza ripoti za PDF niliichukua mtandaoni, na leseni yake, yaani masharti ya aliyeiandika, ilikuwa GPL. Majedwali, kalenda, ile hesabu inayoweka koma kwenye mamilioni, hivyo vyote vilitoka kwa watu wengine chini ya leseni ya MIT. Juu ya kila faili kulikuwa na mistari michache: mwaka, jina la mtu, na maelezo ya leseni. Siku ya kukabidhi kazi nilikaa nikaifuta, faili moja baada ya nyingine. Nilijiambia nasafisha. Sababu halisi ni kwamba sikutaka mteja aone majina ya watu wengine kwenye kazi anayonilipa mimi. Nilipokuja kuyahesabu baadaye, yalikuwa majina saba. Mtu aliyefuta majina saba ndiye aliyekuwa amekaa kwa wakili analalamika kwamba jina lake limefutwa.

Sitaki kujitetea, ila najua tabia ile ilitoka wapi. Sisi tulikulia kwenye kompyuta zenye Windows ya kunakili. Ulikuwa unampa fundi mashine, anarudisha ikiwa na kila kitu ndani, na ile kurasa ndefu ya masharti mtu anabonyeza "nakubali" kabla haijafunguka vizuri. Leseni kwetu ilikuwa kitu cha kubonyeza. Kwa hiyo tulipokutana na programu huria, zile ambazo wenyewe wameweka msimbo wazi kwa masharti, tukadhani ni kitu kilekile, tofauti ikiwa tu kwamba hii polisi hawaitafuti.

Leseni ya MIT ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Inakuruhusu kutumia, kubadili, hata kuuza. Inachoomba ni kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yenyewe vibaki kwenye nakala. Ndicho hicho tu, na ndicho nilichokifuta. GPL ina mkono mzito zaidi. Nayo inakuruhusu kuuza, na hapa watu wengi hukosea wakidhani imekataza pesa. Lakini ukimpa mtu programu yenye GPL ndani yake, lazima umpe na msimbo chanzo, chini ya leseni hiyohiyo, ili naye awe na uhuru uliokuwa nao wewe. Ukiitumia peke yako ndani ya nyumba yako, hudaiwi kitu. Deni linaanza siku unapoikabidhi kwa mwingine. Mimi niliikabidhi, na ile kampuni ikaikabidhi kwa wengine bila msimbo. Tulikuwa na kosa wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Usidhani haya ni maneno ya kwenye karatasi tu. Linus Torvalds alianza Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya GPL. Miaka kumi na kitu baadaye watu wakagundua kwamba kisambaza intaneti cha Linksys, kile WRT54G cha buluu na nyeusi, kilikuwa na Linux ndani bila msimbo wake kutolewa. Wakadai mpaka msimbo ukatolewa, na kutoka hapo ikazaliwa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea visambaza intaneti, ambayo mafundi wanaitumia hadi leo. Na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, ugomvi wa programu ya kuendeshea treni za kuchezea, ikasema masharti ya leseni huria yanaweza kutetewa kwa hakimiliki. Kama treni za kuchezea zilifika mahakama ya rufaa, mikopo ya SACCO itashindwaje?

Kwenye kundi letu la waandishi wa programu, niliposimulia haya, pakawaka moto. Upande mmoja walisema huria ni mtego wa wazungu, tunafanya kazi bure na wao wanatajirika, bora kila mtu afunge vyake. Upande mwingine wakasema kila kitu kiwe wazi, hakimiliki ni ubinafsi. Nilisoma jumbe zaidi ya mia mbili siku ile. Naona pande zote mbili zinaongea bila kuangalia kilicho mbele yetu. Ripoti za vituo vya afya vya nchi hii zinaingia kwenye DHIS2, programu huria inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kwa leseni ya BSD, inayofanana na ile ya MIT. U-Report, ile ya vijana kujibu maswali kwa ujumbe wa simu, ilianzia hapahapa Uganda mwaka 2011, na leo inaendeshwa kwa RapidPro ambayo leseni yake ni AGPL, ndugu wa GPL anayegusa hata programu inayotumiwa kupitia mtandao. Hakuna aliyetufungia mlango. Lakini kazi zote hizo zimesimama juu ya hakimiliki: mwenye mali kwanza awe mwenye mali, ndipo aweze kuruhusu kwa masharti. Anayesema hakimiliki ife anaua na GPL humohumo.

Ila wanaoogopa wana hoja moja ambayo siidharau. Leseni hubadilika. Kati ya kampuni zinazotengeneza programu za kwenye seva, MongoDB walibadili mwaka 2018, Elastic wakafuata 2021, HashiCorp 2023, Redis 2024, wengi wao wakilalamika kwamba kampuni kubwa za seva zinauza kazi yao bila kuchangia. Redis na Elastic baadaye wakarudi kuruhusu AGPL. Mtu aliyejenga biashara yake juu ya vitu hivyo alilala na leseni moja akaamka na nyingine. Kinachosaidia kujua ni kwamba toleo ulilochukua chini ya leseni ya zamani halinyang'anywi. Ndiyo maana watu waliweza kuchukua matoleo ya zamani wakaendelea nayo kwa majina mapya, Valkey upande wa Redis, OpenTofu upande wa Terraform ya HashiCorp. Siku hizi kabla sijategemea kitu kikubwa naangalia nani ana hakimiliki yake. Ikiwa ni kampuni moja, na kila anayechangia anatakiwa kuikabidhi haki zake, nakaa macho. Ikiwa imetawanyika kwa watu mia, na leseni ni ya aina ya GPL, si rahisi mmoja kuamka na kubadili peke yake.

Upande wa mkataba, wangu sasa ni ukurasa mmoja. Si wa Kiingereza cha mahakamani, naandika maneno ambayo mwenyekiti wa SACCO atayaelewa bila kuita mtoto wake wa chuo. Unasema vile nilivyokuja navyo kabla ya kazi hii ni vyangu. Unasema vilivyoandikwa kwa ajili ya mteja hakimiliki inabaki kwangu, naye ana ruhusa ya kuvitumia milele, au kama anataka viwe vyake kabisa, basi bei ni nyingine na uhamisho unakamilika akishamaliza kulipa. Kile kipengele cha "akishamaliza" kimeniokoa mara mbili. Mwisho kuna orodha ya vitu vya watu wengine vilivyomo na leseni zake. Ukipenda unaweza pia kusajili kazi URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili. Hakuanzishi haki, ila siku ya ubishi unakuwa na karatasi yenye tarehe.

Na wewe unayeweka kazi zako GitHub, ile tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo, bila faili la leseni ukidhani umewapa watu: hujawapa. Bila leseni, haki zote zimebaki kwako, na watu wanaweza tu kuangalia na kujitengenezea nakala humohumo GitHub. Chagua moja, weka faili. Na kabla ya yote hakikisha ni kazi yako kuitoa, maana nimewaona vijana wanaanika msimbo wa mwajiri wao ili wapate nyota za sifa humo.

Ile kampuni sikuishtaki, ningeshtaki nini? Niliwaandikia barua moja ya kuwaeleza kuhusu GPL na majina niliyoyafuta, pamoja na orodha kamili. Hawajajibu. Halafu nikafanya kitu ambacho sheria inaruhusu: hailindi wazo, inalinda maandishi. Hesabu ya riba ya SACCO si mali ya mtu. Nikaandika programu nyingine kuanzia mstari wa kwanza, bila kufungua ile ya zamani hata mara moja. Ilichukua miezi minne na nikaitoa kwa AGPL, ili hata anayeiendesha kwenye seva yake na kuwauzia watu huduma, msimbo asiufiche.

Mteja wa kwanza ni mzee mmoja mwenyekiti wa SACCO huko Koboko. Tulikaa chini ya mwembe, akavaa miwani, akausoma ule ukurasa mara mbili, kidole kikifuata mstari.

"Mwanangu, hapa umesema ni huria. Maana yake nikilipia wewe uongeze mikopo ya mbegu, na wale wa ng'ambo ya barabara wataipata?"

"Ndiyo mzee. Na wakiongeza kitu wakakitoa, nawe utakipata."

Akavua miwani, akatazama ng'ambo ya barabara kwa muda.

"Basi hii ya mbegu waambie wachangie nusu kabla hujaanza."

Nimeshawaandikia. Wamesema watakaa kikao.